Upandeo u Baridi

Mtongwe, Likoni
14 Novemba 1959

Binti yangu Ruwaida,

Salamu za mamako zikukute mzima, wewe na shangazi yako Bi Suad na wote mlio nao nyumba moja huko Kisauni. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Koo ndilo lanisumbua, na magoti.

Nimerudi jana kutoka Changamwe, harusi ya siku tatu. Nimeimba nikiwa nimeketi, maana kusimama siku hizi ni taabu. Mbwana, mpiga fidla wangu, alisinzia huku mkono wake ukiendelea kupiga. Wallahi sikucheka. Nilimwonea wivu.

Waniuliza mbona sipumziki. Nami najiuliza. Juzi alinijia bwana mmoja wa sahani za santuri kutoka mjini, amevaa koti jeupe, kahawa aishika kwa vidole viwili. Ataka niimbe nyimbo za watu wake, tena niingie chama cha wanawake wa huko kisiwani ili niwe na wapigaji wa kutosha. Nikamwambia, "Bwana, nyimbo zangu natunga mwenyewe na naimba mwenyewe." Akasema, "Bi Mwanamkasi, peke yako utafika wapi?" Nikamjibu, "Nimefika Changamwe nikarudi. Kesho kutwa niko Jomvu Kuu." Akamaliza kahawa yake akaondoka. Nikabaki mlangoni nikijiuliza kama nimesema vile kwa ushujaa, au ni uchovu tu wa kujuana na watu wapya.

Chama kikikuchukua, chakupa na la kusema. Msifu huyu, mkejeli yule, wa mtaa wa pili waaibishwe. Mimi wimbo hunijia nikipalilia mihogo au nikikuna nazi. Huja na neno moja, likakaa siku nyingi likinikwaruza mpaka nilipatie wenzake. Nikishalipatia, mtu aje aniambie hili toa, lile tia? Siwezi. Basi nakaa hivi, mimi na tari langu na Mbwana.

Majirani huuliza kwa nini mimi na wewe twaandikiana, na hali kati yetu ni feri, kisiwa na daraja la Nyali tu. Huwaambia mwanangu amesomeshwa, yuapenda kuandika. Lakini twajua sote wawili. Tangu babako Yeslam afariki, Mungu amrehemu, ukalelewa na dadake ukiwa na miaka saba, mlango ule haukunifungukia ila kwa mazishi. Si hoja. Nimezoea kukuona kwa herufi.

Nasikia umeposwa. Niandikie nijue kwako, nisiambiwe na wauza samaki.

Mamako,
Mwanamkasi binti Mwidani


Kisauni
9 Januari 1960

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute koo limepoa na magoti yamekuacha. Sisi huku wazima, isipokuwa Shangazi mguu wake umevimba tena, analala umeinuliwa juu ya mito miwili.

Habari ulizosikia ni za kweli. Nimeposwa na Hamoud, wa wale wenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Nimemwona mara mbili. Ni mpole, na anasoma gazeti mpaka matangazo ya mwisho. Harusi inshallah ni baada ya Idd.

Mama, nina neno, na sijui nilianzie wapi. Wiki iliyopita mamake Hamoud alikuja kututembelea. Akamuuliza Shangazi, "Mamake bibi harusi ni nani?" Shangazi akasema, "Mtu wa Mtongwe, ana shamba la minazi." Yule mama akauliza tena, "Si yule aimbaye?" Shangazi akamjibu, "La, huyo mwingine." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sinia ya vikombe. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Sikutoka kusema kitu.

Wao ni watu wa kutazamwa, mama. Hawana ubaya, ila wanaogopa maneno. Kwa hiyo nakuomba uje harusini, nitafurahi sana ukija, lakini usiimbe, na watu wasijue. Wameshachukua waimbaji kutoka mjini. Na lile la minazi si uongo. Unayo.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Ruwaida


Mtongwe
19 Februari 1960

Ruwaida,

Marahaba mwanangu. Mpe pole Bi Suad kwa mguu, aukande kwa maji ya chumvi.

Nimekubali. Nitakuja na buibui langu jipya, nitakaa na wageni waliotoka mbali, nitakula nilichopewa, nitaondoka. Minazi ninayo kumi na mmoja, na mmoja hauzai. Mwambie shangazi yako asiifanye shamba kubwa kuliko hapo, isije siku moja wakataka kuliona.

Sitakwambia nimefurahi. Lakini sina nguvu za kugombana. Zamani ningekutungia wimbo mkali ukausikia huko Kisauni bila redio. Sasa nikifikiria kutafuta vina tu nashikwa na usingizi.

Ramadhani yaingia. Nakutakia saumu njema. Jambo hili usiniandikie tena, nimeshalielewa.

Mamako


Mtongwe
30 Mei 1960

Mwanangu Ruwaida,

Natumai ndoa yakukalia vyema, na mumeo na wakwe zako hawajambo. Mimi mzima.

Nasikia waliniulizia nilipoondoka kabla ya chakula. Mwambie mkweo nilikuwa nawahi feri. Lakini wewe nitakwambia ilivyokuwa, maana ulikuwa juu ya kiti chako umeinamisha kichwa, sijui uliona nini.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Wale waimbaji wa mjini walipiga nyimbo mbili tatu za kuchangamsha, wanawake wakawatuza pesa. Kisha yule mkubwa wao akaanza:

Kitanda nakitandika, upandeo u baridi,
Nalala nikiamka, napapasa sina budi,
Nikiita husikika, sauti yangu yarudi.

Wimbo wangu, Ruwaida. Waujua tangu barua zangu za kwanza. Aliuimba haraka, na beti la tatu aliliacha, nadhani halijui. Lakini sauti yake nzuri, siwezi kumkosoa. Bibi mmoja ubavuni kwangu alianza kulia, akijifuta kwa ncha ya leso. Akanigeukia, "Mwaijua nyimbo hii, bi mkubwa?" Nikamwambia, "Nimeisikia." Mwingine akamuuliza mwimbaji wimbo ni wa nani. Akasema, "Wa zamani huu. Hauna mwenyewe."

Nikakutazama. Nilikuwa nimekubali nisiimbe, na sikuimba. Nilikubali watu wasijue, na hawakujua. Sijui basi nilikuwa nataka nini. Labda uinue macho tu. Hukuinua. Ndiyo desturi ya bibi harusi, najua.

Sikukasirika, mwanangu. Nilichoka. Nilichoka uchovu ambao haukuwa wa miguu. Nikavaa viatu nikatoka.

Usione taabu kuniandikia upesi. Una nyumba mpya ya kuizoea.

Mamako,
Mwanamkasi


Kisauni
2 Aprili 1961

Mama,

Shikamoo. Natumai Idd ilikukuta salama. Nimekaa karibu mwaka bila kukuandikia na sina udhuru mmoja wa kukupa. Nilikuwa naona haya, kisha nikaona haya ya kuona haya.

Nilijua, mama. Alipoanza tu neno la kwanza nilijua ni wako, na nilijua uko mlangoni. Nilihesabu maua ya zulia mpaka ukaisha.

Nina habari nyingine, na naomba uisome ukiwa umekaa. Mwanzo wa Ramadhani nilijifungua mtoto wa kike. Alipewa jina siku ya saba, na siku ya tisa akafariki. Hakuugua. Aliacha kunyonya tu. Nilimwambia Shangazi akuletee habari nilipoanza kuumwa uchungu, akasema ungoje nitoke arobaini, uje kwa furaha. Halafu furaha yenyewe ikawa haipo, na hakuna aliyejua namna ya kukwambia. Nami sikuandika. Hilo ni langu, si la Shangazi.

Hamoud amenunua redio. Wiki iliyopita wimbo wako uliimbwa humo, na mwanamume safari hii. Hamoud anaupenda. Alisema, "Huyu aliyetunga alifiwa na mke." Mimi nilikuwa nakunja nguo. Ulipofika kwenye "napapasa sina budi" nikakaa chini, mama, kwa sababu ndivyo ninavyofanya. Kila ninapoamka naupeleka mkono mahali alipokuwa akilala. Siku zote nilidhani wimbo ule ulimtungia baba. Sasa nadhani sivyo. Mtu mzima hatafutwi kwa mkono namna ile.

Niambie.

Mwanao,
Ruwaida


Mtongwe
7 Aprili 1961

Mwanangu, mwanangu,

Mungu akupe subira. Mungu amfanye mtoto yule akiba yako. Ningekuja. Hata kama wangenifungia mlango ningekaa nje ukutani, ukajua niko. Sitasema zaidi, maana nikisema zaidi itakuwa ni kukulaumu, na huna mahali pa kuweka lawama sasa.

Naam. Wimbo ule ni wako. Watu husema ni wa mpenzi, nami sikuwakatalia. Ulikuwa ukilala ubavuni kwangu, upande wa ukutani.

Lakini kwa kuwa umeniuliza sawasawa, nitakujibu sawasawa. Huenda ukadhani walikunyang'anya. Hawakukunyang'anya.

Babako alipokwisha kuzikwa, watu wake walinijia watatu, Bi Suad akiwa msemaji wao. Hawakunitukana. Bi Suad alisema, "Mwanamkasi, mtoto ni wetu na ni wako. Acha mambo ya ngoma, kaa naye, sisi tutakushika mkono. Ukishindwa, tutamlea." Nikasema nimeacha. Na kweli niliacha miezi minne.

Wewe wakumbuka miezi ile? Naomba Mungu huikumbuki. Nilikuwa mkali. Maneno yalikuwa yakinijia nami nayafukuza, na kila nilipoyafukuza yalikwenda na kipande changu. Nilikupiga kwa sababu ya kikombe. Nilikuwa napika chakula hakina ladha, mimi mwenyewe sikijui. Kisha akaja mtu wa Jomvu Kuu, binti yake aolewa, akaniomba. Nikasema siku moja tu. Nikakuacha kwa jirani.

Nilirudi asubuhi ya pili nikicheka peke yangu njiani. Nikakukuta barazani umevalishwa viatu. Bi Suad alikuwa amekuja na teksi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Umechagua?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndilo jibu nililotoa.

Usinisitiri kwa kusema niliimba kwa ajili ya njaa. Nilikuwa na mihogo, nilikuwa na minazi. Niliimba kwa sababu nisipoimba mimi si mtu wa kukaa na mtoto. Na nikiimba sikuachiwa mtoto. Njia ya tatu niliitafuta, sikuiona, na labda sikuitafuta sana.

Wimbo niliutunga wiki ile ile. Mara nyingine naona haya kuuimba. Na bado nauimba.

Mamako


Kisauni
25 Aprili 1961

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua yako.

Nimeisoma mara tatu. Miaka kumi na mitatu nimemchukia Shangazi kidogo kidogo, kila siku kidogo, huku nikila chakula chake. Nilikuwa na hakika kwamba wewe ulilia mlangoni na yeye akanivuta. Viatu vile navikumbuka, vilinibana. Kumbe uliulizwa.

Tafadhali usijibu hii.

Ruwaida


Mtongwe
20 Oktoba 1963

Ruwaida mwanangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba yako. Hii ni barua ya tatu tangu uniambie nisijibu. Sijui kama mbili za kwanza zilifika au zilitiwa jikoni. Nasikia umejifungua mtoto wa kiume na kwamba amefika kutambaa. Alhamdulillahi. Mungu amkuze, amweke.

Mimi nipo. Mwaka huu na ule uliopita nimekuwa na wageni wengi kuliko maisha yangu yote. Walianza kuja watu wa Mwambao, wale wasiotaka pwani iingizwe Kenya, wataka wimbo wa kusema pwani ina wenyewe. Hawajatimiza wiki mbili, wakaja wa upande wa pili, Kamau na Ngowa, vijana wa bandarini, wataka wimbo wa kumsifu kiongozi wao. Wote niliwapa kahawa. Nikawaambia sitawatungia. Wa kwanza wakaniita msaliti, wa pili wakaniita kibaraka. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Si kwamba sina rai. Uhuru nautaka kama autakavyo mwingine, na pwani naijali, nimezikiwa wazee hapa. Ngowa aliniuliza, "Sasa mama, wewe u upande gani?" Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nikikaa kutunga sioni pande, naona mtu mmoja. Nipe mtu mmoja mwenye jambo lake, nitamwimba." Akatikisa kichwa. Kijana mzuri, lakini alikuwa na haraka.

Mbwana amehamia Tanga kwa binti yake. Nami nilikwenda kwa daktari. Asema kooni mna uvimbe, nikiendelea kuimba sauti itaondoka moja kwa moja. Ni kama amenipa ruhusa ya kulala. Basi nimeacha. Sina huzuni nayo, Ruwaida. Miaka thelathini ni mingi. Nimekwenda kwa miguu harusini mwa watu wasionijua jina, nikawaliza, nikarudi na vumbi. Nyimbo zangu zatembea huko bila mimi, zaimbwa vibaya na zaimbwa vizuri. Nikizisikia nazitambua kama mtu anavyotambua kanga yake mwilini mwa mwingine. Siendi kumvua.

Sikuombi msamaha. Nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu, na nikiomba sasa itakuwa kama kukupa wewe kazi. Nakuandikia kukujulisha tu kwamba niko nyumbani. Kila siku niko, sina pa kwenda tena. Ukitaka kuja, ndoo. Usitume habari mbele, usije ukaghairi kwa sababu yake.

Mamako,
Mwanamkasi binti Mwidani


Mtongwe, barazani kwako
Jumamosi, 7 Desemba 1963

Mama,

Shikamoo. Naandika hapa mlangoni kwako kwa kalamu ya risasi ya Pascalia, jirani yako muuza uji. Nilikuja. Sikukukuta.

Barua zako zote tatu zilifika. Ziko chini ya nguo zangu. Hii ya mwisho nilimsomea Hamoud, yote, kuanzia salamu. Nilikuwa sijapata kumwambia kitu. Akauliza, "Kwa hiyo yule wa redioni ni mama?" Nikasema maneno ni ya mama. Akasema, "Nenda." Mamake aliponiona navaa buibui na mtoto amefungwa tayari, aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia, "Likoni, kwa mama yangu, yule aimbaye." Alirudi ndani kumalizia kuchambua mchele wake. Nikirudi tutajua.

Nimefika hapa nimepiga hodi mpaka mkono ukauma. Pascalia ndiye aliyetoka. "Wamtafuta Bi Mwanamkasi? Ameondoka asubuhi na mapema, amekwenda Changamwe. Kuna harusi."

Nikamwambia haiwezekani, daktari amemkataza, ameacha.

"Dada," akasema, "daktari amemkataza tangu mwaka juzi. Na kuacha, ameacha mara nne mimi nikiwa hapa."

Nikakaa. Nitakwambia kweli, mama, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Umeandika kwa mkono wako kwamba uko nyumbani kila siku. Nimevuka daraja na feri na mtoto mgongoni anayelia meno, nimemwambia mkwe wangu neno ambalo sikupata kulisema maishani, na wewe umekwenda harusini. Nilitaka kuondoka pale pale. Kama si mtoto kulala ningekuwa nimeshaondoka.

Pascalia ana ufunguo wako. Alinifungulia nipate kivuli na maji. Nilikuwa nimejitayarisha kuona vitu, sijui vitu gani. Vinavyoonyesha majuto, labda. Kuna kitanda, kinu, kibuyu cha maji. Na ukuta wa upande wa jikoni wote umeandikwa kwa mkaa. Mistari imefutwa kwa kiganja ikaandikwa tena juu yake. Nikasoma kidogo. Ni juu ya mwanamke aliyepoteza kiatu kwenye feri akasimama anakitazama kikienda. Sijui ni nani. Kuna neno umelibadilisha mara tano, mama. Mara tano, kwa mkaa, na sauti hiyo ambayo daktari ameshaihesabia siku. Nikamuuliza Pascalia umeanza lini. Akasema, "Huu? Wiki iliyopita. Anasema umemkwama."

Nilisimama mbele ya ukuta ule muda. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu aliyeacha, nimsamehe kwa kuwa ameacha. Mtu huyo hayupo. Sidhani kama amepata kuwapo, hata katika ile miezi minne.

Kisha nikawaza jambo jingine. Wimbo wako nimeusikia harusini kwangu, nimeusikia redioni, dobi wetu anaupiga mluzi akianika mashuka. Wewe mwenyewe ukiimba mbele ya watu sijapata kukusikia hata siku moja. Nina miaka ishirini na mitatu.

Pascalia ametupa mihogo ya kuchemsha. Anasema feri haijajaa saa hizi, na kutoka kisiwani kuna basi hadi Changamwe. Nyumba ya harusi anadhani ni nyuma ya stesheni. Sitapotea, itakayokuwa imejaa wanawake mlangoni ndiyo hiyo.

Sijui kama nimekusamehe, usiniulize leo. Ukiniona usisimame wala usikatishe. Nitakaa nyuma pamoja na wengine. Nikiulizwa mimi ni nani nitasema.

Barua namwachia Pascalia akupe endapo tutapishana njiani.

Mtoto ameamka. Twaja.

Mwanao,
Ruwaida